Kuumba kwa Kufuta: Uhakiki wa Istilahi za Diski na Mfumo Endeshi kwa Masikio ya Kongolo

Utangulizi

Wahakiki wa istilahi za Kiswahili wamezoea kuuliza maswali mawili kuhusu neno jipya. La kwanza: je, limeundwa kwa kufuata kanuni za lugha? La pili: je, linawakilisha barabara dhana iliyokusudiwa? Katika makala hii tunapendekeza swali la tatu, ambalo kwa maoni yetu halijapewa uzito unaostahili: je, mtu asiyelijua neno hilo, akilisikia kwa mara ya kwanza, atadhani lina maana gani? Swali hili laweza kuonekana dogo panapohusika istilahi za isimu au za uchumi, kwani anayekosea huko mara nyingi hupoteza alama za mtihani tu. Lakini yapo maneno ambayo kosa la kuyaelewa halirekebishiki. Miongoni mwake ni yale yanayotumika wakati diski ya kompyuta inapoumbizwa na mfumo endeshi kuwekwa upya.

Tutayachunguza maneno matatu, yaani umbiza, futa na sakinisha, kwa kuyapima dhidi ya Kiswahili kinachosemwa Kongolo, mji ulio kando ya mto Lualaba katika mkoa wa Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao makao yake makuu ni Kalemie. Uteuzi wa mji huu haukufanywa kwa kubahatisha. Kongolo imo katika ukanda ambao Kiswahili kilifikishwa na misafara ya biashara ya karne ya 19, masoko ya Nyangwe na Kasongo yakiwa upande wake wa kaskazini. Baadaye reli, misheni na shule ziliendeleza kazi hiyo. Daraja la reli linalovuka Lualaba mjini hapo lilikamilika mwaka 1939. Leo Kiswahili kinasikika huko pamoja na Kihemba, Kiluba na Kisongye. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini lugha rasmi, na hivyo lugha ya ofisi, ya masomo ya juu na ya kompyuta, ni Kifaransa. Msemaji wa Kongolo anakutana na mashine kwa Kifaransa, anaizungumzia kwa Kiswahili chake, na istilahi zilizotungwa Dar es Salaam na Nairobi humfikia, ikiwa zinamfikia, kama lugha ya tatu. Hapo ndipo mahali pazuri pa kupimia istilahi iwapo zinasimama kwa miguu yake zenyewe au zinashikiliwa na mazoea ya wale waliozitunga.

Kisa kilichozua hoja

Mwaka 2018 mwandishi wa makala hii alikuwa Kongolo akikusanya masimulizi ya wazee, mengine kwa Kihemba na mengine kwa Kiswahili. Sauti zilihifadhiwa katika kompyuta ya kupakata iliyokwisha kutumika miaka mingi. Na nakala ya pili, kwa uzembe ambao siutetei, haikuwapo isipokuwa ya siku chache za mwanzo. Siku moja mashine ilikataa kuwaka sawasawa. Ilionyesha nembo yake, ikazima, ikawaka tena, ikazima. Nilielekezwa kwa kijana mmoja aliyekuwa na meza yake ya kazi karibu na soko, fundi hodari kwa ushuhuda wa kila niliyemwuliza.

Fundi aliichunguza kwa muda, kisha akaniuliza, jenereta ikinguruma nyuma yake: "Papa, tunafomate, tunatosha bitu byote?"

Nilijibu: "Ndiyo, mwanangu, ilimradi vitoshe."

Msomaji aliyezoea Kiswahili cha Katanga amekwisha kuona balaa lililokuwa likija. Katika Kiswahili cha huko, kutosha ni kutoa, kuondoa: ni kitendo cha kusababisha kitu kitoke. Katika Kiswahili sanifu, kutosha ni kuenea, kukidhi haja. Kijana aliniuliza, kwa heshima zote na kwa maneno bayana ya lugha yake, kama nakubali aondoe vitu vyote. Mimi nilisikia swali la nafasi: je, vitu vyote vitaenea katika diski? Na jibu langu, ambalo kwangu lilikuwa tahadhari, kwake lilikuwa ruhusa iliyotiwa mkazo: ndiyo, bora viondolewe.

Neno la kwanza katika swali lake, kufomate, nalo halikunisaidia. Nilikuwa nimesoma orodha za istilahi, nikajua kwamba kitendo hicho kwa Kiswahili huitwa kuumbiza. Kwa hiyo nilidhani mashine iliyopoteza umbo itarudishiwa umbo lake. Jioni nilikabidhiwa kompyuta nyepesi, yenye kasi, iliyo tupu. "Papa, iko muzuri sasa, sawa mupya," alisema yule kijana, na alikuwa na haki ya kujivuna, maana kazi aliyopewa ameifanya. Wazee wawili miongoni mwa wasimulizi walikuwa wamekwisha kufariki.

Kisa hiki hakielezwi hapa ili kumlaumu fundi. Alionya. Hakielezwi pia ili kutafuta huruma, kwani asiyeweka nakala hana wa kumlilia. Kinaelezwa kwa sababu kati ya watu wawili wasemao Kiswahili, mmoja akiwa amekisomea, maneno mawili yalipita kila moja likibeba maana iliyo kinyume na ile iliyopokewa, na hakuna aliyehisi kwamba hakueleweka. Hilo ni jambo la lugha, na ni wajibu wa wataalamu wa lugha kulichunguza.

Umbiza: neno sahihi, onyo lililokosekana

Tuanze na umbiza, kitenzi kinachokutwa katika orodha za istilahi na katika tafsiri za programu, pamoja na nomino yake umbizo. Kwa kipimo cha kwanza, yaani uundaji, neno hili halina kasoro. Kutokana na umba tunapata umbia, na kutokana na umbia tunapata umbiza, kama vile ingia inavyozaa ingiza na tulia inavyozaa tuliza. Ni uundaji wa kienyeji, haukuazima kitu, na unatii sarufi.

Kwa kipimo cha pili pia, neno linajitetea vizuri kuliko linavyodhaniwa. Diski isiyoumbizwa ni uwanja usio na mistari. Kuumbiza ni kuchora mpango wa kuhifadhi: mahali pa kuanzia, orodha ya majina ya faili, na jedwali linaloonyesha kila faili iko sehemu zipi. Mipango hiyo ni ya aina mbalimbali. Ule uitwao FAT32 hauwezi kupokea faili moja inayofikia GB 4. Ule wa NTFS, unaotumiwa na Windows, hauna kizuizi hicho. Na mifumo mingi ya Linux hutumia ext4. Kwa macho ya mhandisi, basi, kuumbiza ni kuumba kwelikweli. Kufutika kwa kilichokuwamo ni matokeo tu ya uumbaji huo, kama mkulima anayepiga matuta mapya katika shamba ambalo mihogo ya zamani haijang'olewa. Anachokitaja ni matuta. Mihogo haitaji.

Hapa ndipo penye ila. Neno limetazama diski kwa macho ya anayeiandaa, wala si kwa macho ya mwenye mali iliyomo. Tena limechagua mzizi wenye hadhi kubwa katika lugha. Kuumba ni kazi ya Muumba na ya mfinyanzi. Umbo ni sura, ni uzuri, ni ukamilifu. Hakuna hata chembe ya upotevu katika ukoo mzima wa neno hili. Mtu akiambiwa kwamba kitu chake kitaumbizwa hana sababu ya kushtuka.

Yaweza kujibiwa kwamba neno la Kiingereza lililotafsiriwa, pamoja na lile la Kifaransa, formater, nayo yanatokana na mzizi wa umbo na hayasemi lolote kuhusu kufuta. Ni kweli. Lakini maneno hayo yamekwisha kutumika kwa miongo mingi, na watumiaji wake wamefundishwa na hasara zao. Huko Kongolo kufomate halina tena uhusiano wowote na umbo: ni kuondoa vyote na kuanza upya, na kila kijana wa mezani analijua hivyo. Tafsiri yetu ilirithi picha ya asili iliyokwisha kufa katika lugha ilikotoka, ikaifufua. Neno la kigeni lililokuwa butu na salama likatafsiriwa kwa neno la Kiswahili lililo hai na lenye kupotosha. Hii ni hatari ya tafsiri ya mzizi kwa mzizi, ambayo wahakiki wetu wameionyesha mara nyingi katika fasihi, lakini kwa nadra katika istilahi.

Aidha, umbiza linabeba mizigo miwili kwa pamoja. Katika programu za kuandikia, kuumbiza matini ni kuyapamba: kukoza herufi, kupanga aya, kubadili ukubwa wa maandishi. Mwanafunzi aliyejifunza neno hilo kwanza katika kuandika tasnifu yake, na ambaye ameumbiza kurasa mia bila kupoteza hata nukta, atalikuta tena mbele ya diski. Neno ni lilelile. Tendo la kwanza linatenguliwa kwa kubonyeza kitufe kimoja, na la pili huenda lisitenguliwe kabisa.

Futa: onyo linalosikika kama utafutaji

Mtu ataweza kusema kwamba dawa ni rahisi: tuongeze onyo lenye neno futa. Futa ni kitenzi cha kale, kinajulikana na mwalimu wa chekechea anayefuta ubao na mama anayefuta vumbi mezani. Kwa hakika ni neno zuri katika hali ya amri na katika wakati uliopita. Tatizo lake linajitokeza katika wakati ujao, ambao ndio wakati wa maonyo yote.

Msomaji na asome kwa haraka sentensi hii: "Hatua hii itafuta faili zote." Mwandishi alikusudia kwamba faili zitaondolewa. Lakini jicho, na hasa sikio, linakutana na mfuatano wa silabi ta-fu-ta, ambao ni mzizi wa kitenzi kingine kinachojulikana zaidi: tafuta. Ni kweli kwamba mwanasarufi hatababaika, kwa kuwa "itatafuta" ndiyo ingekuwa njeo ijayo ya tafuta. Lakini wangapi husoma maonyo ya mashine kama wanasarufi? Hali ni hiyohiyo kwa "zitafutwa" na "zitatafutwa", ambapo silabi moja tu ndiyo inayotenganisha kupotezwa na kusakwa. Msomaji ambaye Kiswahili chake hakina kawaida ya kuandikwa, na ambaye viambishi vya njeo anavyovitumia kila siku si hivi vya vitabuni, atashika kile anachokijua: mashine inatafuta faili. Naye atafurahi, kwa kuwa kutafuta faili zake ndiko alikokutaka.

Kwa hiyo tunayo mitego mitatu iliyopangana. Umbiza linaahidi uumbaji. Itafuta linasikika kama utafutaji. Na tosha, neno ambalo Kiswahili cha Katanga kingelitumia kuonya waziwazi, kwa mtu wa pwani linasikika kama utoshelevu. Ukiyaweka pamoja unapata sentensi ambayo kila neno lake ni la Kiswahili na ambayo hakuna mtu anayeielewa kama mwenzake.

Sakinisha: mgeni aliyepewa nyumba

Baada ya diski kuumbizwa, mfumo endeshi huwekwa. Tafsiri nyingi zimekubaliana kuhusu sakinisha. Neno hili ni la aina nyingine kabisa. Limetokana na sakini, kuishi mahali, ambalo asili yake ni Kiarabu na ambalo ni ndugu wa maskani. Kusakinisha programu, basi, ni kuipa makazi. Kama sitiari, tunaiona kuwa bora kuliko ya Kiingereza na ya Kifaransa: programu ni mkazi, diski ni nyumba, na mfumo endeshi ndiye mkazi wa kwanza ambaye wengine wote huingia kwa idhini yake.

Hata hivyo sitiari hiyo inamfikia yule tu anayelijua neno sakini, na hilo ni neno la pwani na la vitabu. Kongolo, anayetaka kusema jambo hilo ana njia mbili. Atachukua kitenzi cha Kifaransa na kukivika ku-, au atasema tu kuweka. Sisemi kwamba sakinisha liachwe kwa sababu halijulikani Lualaba. Kwa kipimo hicho tungeacha nusu ya kamusi. Nasema kwamba neno lisilojulikana lina fadhila moja ambayo umbiza halina: linajitangaza kuwa halijulikani. Asiyelijua huuliza. Neno la hatari ni lile ambalo msikilizaji anadhani analijua.

Ila nyingine ya sakinisha ni ya mfumo wa istilahi wala si ya neno lenyewe. Katika simu nyingi zenye Kiswahili, kinyume cha sakinisha kimepewa sanidua. Kwa kanuni, sanidua ni utenguzi wa sanidi, kama vile funga na fungua. Hakina udugu wowote na sakini. Mtumiaji amepewa mlango wa kuingilia katika nyumba moja na mlango wa kutokea katika nyumba nyingine. Kosa hili halipotezi mali ya mtu, lakini linaonyesha kwamba istilahi zilitungwa moja moja, kila moja ikisimama mbele ya neno lake la Kiingereza, pasipo mtu kuzitazama kama ukoo.

Kwa upande mwingine, haki inatutaka tusifu palipofaa. "Mfumo endeshi" ni istilahi iliyoshikamana: endesha linajulikana popote penye gari au baiskeli. "Washa upya" ni bora zaidi. Lina maneno mawili ya kawaida, halina maana ya pili, na linasema hasa kinachotokea. Ni ushahidi kwamba istilahi haihitaji kuwa neno moja, wala haihitaji kuwa ngeni, ili iwe istilahi.

Kiswahili kinafika lini?

Hadi hapa tumehakiki maneno. Sasa tuhakiki mahali yalipowekwa, kwa sababu neno zuri lililochelewa ni sawa na neno lisilokuwapo.

Mwaka 2004 ulikuwa mwaka wa matumaini. Mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kiofisi kwa Kiswahili. Na mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wa kuzitafsiri programu zake. Hizo zilikuwa juhudi za kweli, na bila hizo makala hii isingekuwa na cha kuhakiki. Lakini msomaji na atazame jinsi Kiswahili kinavyoingia katika Windows. Kinaingia kama vazi linalovikwa juu ya mfumo uliokwisha kuwekwa kwa lugha nyingine. Hatua za kuwasha mashine kwa kisahani au kwa flashi, kuchagua sehemu ya diski, kuifuta sehemu hiyo, kuiumbiza na kunakili mfumo mpya, zote hupita kwa Kiingereza, Kifaransa au lugha nyingine kubwa. Kiswahili kinaletwa baadaye, kuja kupamba menyu.

Maana yake ni kwamba katika dakika pekee ambayo mtumiaji anaweza kupoteza kila kitu, lugha yake haipo. Inafika nyumbani baada ya nyumba kubomolewa na kujengwa upya, ikamkaribisha mwenyewe kwa maneno mazuri. Tafsiri imefuata mantiki ya maonyesho: kimetafsiriwa kwanza kile kinachoonekana sana, wala si kile kinachodhuru sana.

Na wakati huo wa hatari unawajia watu wengi zaidi sasa. Windows XP ilikoma kuhudumiwa mwezi Aprili 2014, Windows 7 mwezi Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo uliofuata, Windows 11, unadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi kuukuu hazinavyo. Katika miji ambako mashine hufika zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, mwenye kompyuta hubaki na njia chache: aendelee na mfumo usiohudumiwa, au diski iumbizwe na kuwekewa mfumo mwingine, mathalani Linux. Vyovyote itakavyokuwa, meza za mafundi hazitakosa kazi, na swali nililoulizwa Kongolo litaulizwa tena mara nyingi.

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza inayoweza kutolewa ni kwamba Kongolo si kipimo. Kiswahili sanifu, watasema, hakiwezi kungojea kila lahaja itoe idhini. Tunakubali kwamba usanifishaji ni uteuzi, na kwamba uteuzi huacha nje. Lakini hatuombi tosha la Katanga liingizwe katika sanifu. Tunaomba istilahi za hatari zipimwe kabla ya kutolewa kwa masikio ya wale ambao hawakuhudhuria kikao. Nchi ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Haitakuwa busara kuwahesabu mamilioni ya wasemaji wake tunapojivunia ukubwa wa Kiswahili, kisha tuwasahau tunapotunga maneno.

Tena si kweli kwamba Kiswahili cha huko hakina maandishi. Mwaka 1965 André Yav aliandaa, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Johannes Fabian aliichapisha na kuihakiki mwaka 1990. Maandishi hayo hayakufuata sanifu, na ndiyo maana yanatuambia mambo ambayo sanifu haikuyasikia. Yalidumu, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa yalikuwa karatasi. Maandishi na sauti za leo zimo katika diski, na uhai wake unategemea jibu la ndiyo au hapana.

Hoja ya pili inatoka upande ulio kinyume: tuache kutafsiri, mafundi wanaelewana kwa kufomate, yatosha. Hoja hii ina nguvu, na hatutaki kuipuuza. Kutohoa fomati kungekuwa salama kuliko umbiza, kwa sababu zilezile tulizozitaja: neno lililotoholewa halidanganyi. Lakini mafundi si wote. Mwenye mashine, mwalimu, muuguzi, katekista, mzee mwenye rekodi za ukoo wake, hao ndio wanaoulizwa, na hao ndio wanaopoteza. Neno linaloeleweka na anayeshika bisibisi peke yake ni nusu ya lugha.

Mapendekezo

Kwanza, umbiza libaki katika uwanja wa maandishi, ambako limezoeleka na halidhuru. Kwa diski litumike fomati, au, iwapo umbiza litashikiliwa, lisisimame peke yake kamwe. Lifuatane daima na sentensi ya matokeo.

Pili, sentensi hiyo ya matokeo isitumie futa katika wakati ujao. Tunapendekeza potea: "Vitu vyote vilivyomo vitapotea." Kitenzi hiki kinaeleweka Mombasa, Kigoma, Kalemie na Kongolo, matamshi ya viambishi yanaweza kutofautiana, lakini mzizi ni mmoja na maana ni moja. Tena potea linasema kwa upande wa mwenye mali. Futa ni kazi ya mashine. Kupotea ni msiba wa mtu.

Tatu, watafsiri waanze na maonyo. Kabla ya kutafsiri menyu za rangi na za herufi, zitafsiriwe sentensi zinazotokea kabla ya tendo lisilotenguka, na hasa zile za hatua ya kuweka mfumo. Hazizidi kurasa chache. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili katika chuo chochote kinaweza kuzimaliza katika muhula mmoja na kuzibandika ukutani mwa kila chumba cha kompyuta na katika kila meza ya fundi anayekubali.

Nne, istilahi mpya zipimwe kwa swali la tatu tulilolitaja mwanzoni. Mpimaji asimwulize msikilizaji kama analipenda neno, bali amwambie: "Mashine inasema hivi. Je, vitu vyako vitabaki au havitabaki?" Majibu ya watu ishirini katika soko la Kongolo yatafundisha mengi kuliko vikao viwili.

Hitimisho

Yapasa kueleza mwisho wa kile kisa, kwa kuwa unahusu hoja. Fundi alipoelewa kilichotokea, hakujitetea. Alinyamaza, kisha akasema, "Papa, tusiguse tena," akaizima mashine. Alikuwa sahihi. Alikuwa ameumbiza kwa njia ya haraka, ambayo katika diski za kuzunguka huweka jedwali jipya bila kuvigusa vilivyo chini yake. Ni kama maktaba iliyochomewa katalogi, vitabu vikiwa bado rafuni lakini kila rafu ikihesabiwa kuwa tupu. Kila faili mpya inayoandikwa hukalia nafasi ya kitabu kimoja cha zamani. Mfumo mpya ulikuwa umekwisha kukalia nafasi kubwa. Kwa programu ya kuokoa faili tulipata sehemu ndogo ya sauti, zikiwa hazina majina wala tarehe, bali namba tu.

Nimezisikiliza mara nyingi. Nyingine nazitambua kwa kikohozi cha msimulizi au kwa jogoo aliyewika uani. Nyingine sizitambui, na hakuna wa kumwuliza. Katika mojawapo ya zile zilizookoka, mzee anamaliza kusimulia kisha anauliza kwa Kiswahili kama maneno yake yametosha. Sijui hadi leo, na kwa lahaja yake siwezi kuamua, kama alitaka kujua iwapo yameenea au iwapo yamekwisha kutolewa. Wakati ule nilimjibu ndiyo.